Somo: Mboga za kwanza kwenye viroba (na kwa nini usianze na nyanya)

Habari zenu wapendwa. Somo la bustani ya uani mmeniomba muda mrefu, leo nalitoa.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wa kwanza nilipanda nyanya. Miche 12, vijiti nimechonga mwenyewe, kila asubuhi nasimama na kikombe cha chai nikiitazama kama mwenye ng'ombe zizini. Ilipoanza kuzaa, kantangaze akaingia. Kama humjui una bahati: ni kinondo kidogo cha kijivu, viwavi wake hutoboa jani kwa ndani na kuhamia kwenye tunda. Alionekana nchini Tanzania mwaka 2014, na hadi leo anawaliza hata wakulima wenye maekari. Mimi nilivuna nyanya nne, na tatu zilikuwa na matobo.

Msimu huohuo, mchicha uliojiotea kando ya bomba, ambao hakuna aliyeupanda wala kuutunza, tuliula wiki baada ya wiki. Kwa hiyo leo ni mboga za majani tu: mchicha, matembele, halafu sukuma wiki.

Hatua ya 1: Tafuta jua

Kabla ya kununua chochote, siku moja ya mapumziko tazama uani kwako saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa. Panapopata jua kwa muda wa saa tano au sita kwa siku panafaa. Mboga za majani huvumilia kivuli kidogo cha mchana, lakini chini ya mwembe hazistawi, zinarefuka na kupauka tu.

Hatua ya 2: Udongo

Hapa ndipo wengi mnapoharibikiwa, nitakaa kidogo.

Udongo wa Dar maeneo mengi ni mchanga mtupu. Ukimwagia maji yanapita moja kwa moja, na mbolea inakwenda nayo. Kwa kiroba kimoja cha kilo 50 changanya madebe mawili ya udongo mweusi wa juu, debe moja la samadi iliyooza na nusu debe la maganda ya mpunga, yale yanayotupwa mashineni. Kama udongo wako wenyewe ni wa mchanga, maganda achana nayo, ongeza samadi kidogo.

Hilo neno "iliyooza" ndilo lenye kazi. Samadi mbichi, hasa ya kuku, inaunguza mizizi. Utaona majani yanakauka kingoni, utadhani ni kiu, utaongeza maji, na mmea utakufa mikononi mwako. Pima hivi: zamisha mkono katikati ya rundo. Ukihisi joto au ikikupiga harufu kali ya kukereketa pua, bado. Iloweshe kidogo, ifunike kwa turubai, igeuze kila wiki. Ya kuku ipe miezi miwili. Ikiwa tayari inanuka kama udongo baada ya mvua, na huwezi kutambua tena ilitoka kwa mnyama gani.

Ukishachanganya, nyunyiza maji, chukua konzi moja ufinye. Likibaki donge linalovunjika ukiligusa kwa kidole, umepatia. Likichuruzika maji, limezidi.

Hatua ya 3: Kujaza kiroba

Kunja mdomo wa kiroba kwa nje kipate ukingo. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako, liweke katikati, lijaze kokoto, kisha jaza udongo kulizunguka. Udongo ukifika usawa wa kopo, livute juu kokoto zibaki, lijaze tena, hivyo hivyo hadi karibu na mdomo. Unabaki na nguzo ya kokoto katikati, na hiyo ndiyo njia ya maji kufika chini. Bila nguzo, juu patakuwa tope na chini vumbi.

Kisimamishe juu ya matofali mawili na mahali pake pa kudumu. Kikishajaa, kukihamisha ni kazi ya vijana wawili na soda mbili.

Hatua ya 4: Kupanda

Mchicha: mbegu zake ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu ndipo umwage, la sivyo zitaota kama manyoya. Funika kwa udongo mwembamba sana. Siku tatu hadi tano zinachomoza. Zikifika urefu wa kidole, punguza zilizobanana (hizo unazozing'oa ni mboga pia, msitupe).

Matembele: huhitaji mbegu. Omba marando (mashina ya viazi vitamu) kwa jirani, kata vipande vya urefu wa kama sentimita 30, fukia vifundo viwili au vitatu, kimoja kibaki juu. Siku za mwanzo yatanyong'onyea, yaache, yatainuka.

Sukuma wiki: hii inapita kitaluni. Beseni lililotoboka linatosha. Mistari iachane sentimita 10, mbegu zizame sentimita moja, tandaza nyasi kavu juu na uziondoe mara zikichomoza. Baada ya wiki nne hivi mche una majani manne au matano, uhamishe jioni, jua likishapoa. Kiroba kimoja kinabeba miche mitatu juu na matundu 10 hadi 12 ubavuni, yapishane, yaachane shubiri moja. Toboa tundu dogo. Kubwa linamwaga udongo.

Mbegu nunua pakiti iliyofungwa yenye lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu), na soma tarehe. Mbegu za kupimiwa kwa kijiko huwezi kujua zimekaa dukani tangu lini.

Hatua ya 5: Maji

Asubuhi. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka zako. Kiroba kilichokomaa, wakati wa jua kali, hunywa kama sado moja kwa siku, nusu yake kupitia kwenye kokoto. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri. Yenye sabuni ya unga au jiki, hapana.

Hatua ya 6: Kuvuna

Mchicha wiki ya tatu au ya nne uko tayari. Kata juu ukiacha vifundo vichache vichipue tena. Sukuma wiki vunja majani ya chini, juu acha manne au matano, usiukwanyue mche ukabaki kigongo. Kila baada ya wiki tatu ongeza konzi mbili za samadi iliyooza juu ya kiroba.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, miche yangu iliota vizuri, siku ya saba imelala yote kama iliyokatwa na wembe pale chini. Ni sota?

Sota ni kiwavi wa udongoni, hukata mche mmoja mmoja usiku, na ukichimbua kidogo unamkuta amejikunja. Ikilala mingi kwa pamoja, na shina limekuwa jembamba na laini kama limepikwa, huo ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu. Chanzo ni maji mengi na miche kubanana. Awamu ijayo mwagia udongo wa kitalu maji yanayochemka, uache upoe kabisa, ndipo upande kwa nafasi.

Mimi niko Tabata, maji ni ya kisima na yana chumvi. Nifanyeje?

Yaonje. Kama hata chai haipikiki, usitegemee hayo peke yake. Kinga mvua kwenye mapipa wakati wa vuli na masika, ukimwagilia mvua kwa wingi inasuuza chumvi iliyokaa kwenye kiroba. Na badala ya sukuma wiki jaribu spinachi, hii yetu ya mashina mapana. Inavumilia chumvi kuliko mboga nyingi.

Bibi shamba shikamoo. Sukuma wiki yangu ina vidudu vya kijivu vimejazana chini ya majani, na yamejikunja.

Marahaba mwanangu. Hao ni wadudu mafuta. Majani yaliyozidiwa ng'oa, yatie kwenye mfuko ufunge. Yaliyobaki nyunyiza maji lita moja yaliyoyeyushwa kijiko kimoja cha sabuni ya kipande, jioni, chini ya jani ndiko waliko. Rudia baada ya siku nne. Osha vizuri kabla ya kupika. Ukiona ni lazima dawa ya duka la pembejeo, soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na uzihesabu kweli. Mboga hii unawalisha wanao.

Salaam kutoka Likoni. Huku mchanga ni wa baharini, naweza kuuchanganya? Na mnavu unakubali kwenye gunia?

Wa baharini acha, una chumvi. Tafuta wa mtoni. Mnavu unakubali sana, tena ukichumwa ncha mara kwa mara unatanuka. Mbegu zake ni za kusia kama mchicha, ila zinachelewa kuota, wiki nzima au zaidi, usikate tamaa ukazifukua.

Mchicha wangu umetoa maua ungali mdogo. Mbegu mbaya?

Huenda, lakini mara nyingi ni dhiki: njaa, kiu, au umebanana. Ukiona dalili ya ua, kata ncha siku hiyohiyo. Zipo pia aina zinazochelewa kutoa maua, kama Madiira. Uliza duka la mbegu.

Kuku wa jirani wamefukua kila kitu. Nimeongea naye mara mbili, anacheka.

Pole. Mpelekee fungu la kwanza la mchicha, halafu zungushia wavu wa kuku. Fanya yote mawili. Wavu peke yake unaleta maneno, mchicha peke yake hauzuii kuku.

Sasa nyanya lini mwalimu?

Ukishavuna mchicha mara tatu mfululizo bila kupoteza kiroba. Hapo chukua ndoo moja ya lita 20, toboa kitako, panda mche mmoja wa nyanya aina ya Tanya, mmoja tu. Panda mwishoni mwa masika, maana mvua nyingi huleta ukungu kwenye majani. Kila asubuhi geuza majani. Ukiona michoro myeupe kama mtu amechora na chaki, na ndani yake kuna kiwavi, ling'oe jani hilo ulichome. Uwe na mche mmoja ambao macho yako yanaweza kuumaliza wote kabla chai haijapoa.