Kabla mkono haujaanza kukimbia: maandalizi ya kuandika mfululizo

Kuandika mfululizo ni zoezi rahisi kulieleza. Unatega saa dakika 10, unaandika chochote kinachokuja kichwani kuhusu jambo linalokusumbua, na mkono hausimami mpaka saa ilie. Hakuna kufuta, hakuna kurudi nyuma kusoma, hakuna kutafuta neno zuri. Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani, alilipa umaarufu mkubwa kuanzia miaka ya 1970, na baadaye likatoka madarasani likaingia maofisini na kwenye biashara kama njia ya kutafuta mawazo na kufumbua matatizo. Wengi hulijaribu mara moja, wakaambulia ukurasa mzima wa malalamiko, wakaacha. Mara nyingi kosa halikuwa kwenye kuandika kwenyewe. Lilishafanyika kabla: swali lilikuwa baya, au mwandishi alikuwa na wasiwasi wa nani ataisoma karatasi.

Tuanze na swali, maana hapo ndipo penye kazi. "Nifanyeje maisha yabadilike" si swali la dakika 10. Mkono utaandika hotuba. Swali zuri lina kitu unachoweza kukigusa, lina wakati wake, na jibu lake hulijui. Chukua mfano wa fundi cherehani ambaye kila ikikaribia Idi anagombana na wateja. Akianza na "Kwa nini wateja hawana subira?" ameshajijibu: tatizo ni wao. Ataandika dakika 10 za kuwasema watu na atainuka na hasira zaidi. Afadhali aandike juu ya ukurasa: "Kwa nini magauni 11 kati ya 40 hayakuwa tayari siku mbili kabla ya Idi, na mimi nilikuwa nafanya nini siku hizo?" Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachofungua mlango. Ukiona swali lako limejaa "wao", litengeneze upya mpaka na wewe uonekane ndani yake.

Baada ya swali, tafuta takwimu chache. Zoezi hili huchimbua unachokijua bila kujua kwamba unakijua. Halitengenezi habari usiyokuwa nayo. Fundi wetu afungue daftari la oda kwanza. Kwa wiki mbili alipokea magauni 40. Akiwa na vijana wawili, karakana yake inatoa magauni 4 kwa siku, na siku za kazi zilikuwa 12. Hiyo ni nafasi ya magauni 48. Kwa hesabu, kazi yote ilitakiwa iishe na siku mbili zibaki za kupumzika. Sasa kuna fumbo la kweli. Bila hesabu hiyo angeandika "kazi zilikuwa nyingi" na jambo lingeishia hapo. Takwimu tatu au nne zinatosha. Ziandike pembeni ya swali, kisha lifunge daftari la oda na liweke mbali, vinginevyo utaanza kulipekua katikati ya zoezi na mkono utasimama.

Vifaa havina mengi. Daftari la kawaida la shule linafaa kuliko shajara ya jalada gumu uliyopewa zawadi, kwa kuwa karatasi nzuri humfanya mtu aandike vizuri, na kuandika vizuri ndiko tunakokukwepa. Weka kalamu mbili, uwe umezijaribu zote. Kwa dakika 10 mkono wa kawaida hujaza ukurasa mmoja au ukurasa na kidogo. Usijipime kwa idadi ya maneno iliyotajwa katika maelekezo ya Kiingereza. Kiswahili hubana mengi katika neno moja: "sikukwambia" ni neno moja kwetu, kwao ni manne. Shika kalamu kwa kulegeza vidole. Wanaoikaza huanza kuumwa kiganja dakika ya sita, wakadhani mawazo yamekauka kumbe ni misuli.

Ukipenda kompyuta au simu, zima kabisa kisahihishi cha maneno. Programu nyingi za kuandikia bado hazikijui Kiswahili vizuri. Zitageuza maneno yako kuwa ya Kiingereza na kukupigia mistari myekundu kila sentensi, na jicho likishaona mstari mwekundu litataka kurekebisha. Kwenye kompyuta ipo dawa ya zamani: punguza mwanga wa skrini mpaka usione unachoandika. Simu ya kutegea saa iwekwe kwenye hali ya ndege na kulazwa kifudifudi. Simu iliyonyamazishwa tu haitoshi, kwa sababu mwanga wa ujumbe unaoingia unatosha kukutoa.

Lugha nayo iamue mapema, yaani amua kwamba hutachagua. Neno likija kwa Kisukuma, kwa Kigiriama, kwa sheng au kwa Kiingereza cha kazini, liandike lilivyokuja. Hapa watu wa kwetu tuna mzigo wetu wa pekee: tumefundishwa kuandika kwa imla na insha, na kila kosa lilizungushiwa wino mwekundu. Mtu mzima mwenye familia yake bado anasita kwenye "hayakuwepo" na "hayakuwapo" kana kwamba mwalimu amesimama nyuma yake. Kama unajijua u mmoja wao, anza na dakika 3 za kuandika vibaya kwa makusudi: bila nukta, bila herufi kubwa, tahajia mbovu. Zitupe, kisha anza zoezi lenyewe.

Jiwekee pia neno la kujiokoa. Mawazo yatakata, mara nyingi kati ya dakika ya tatu na ya tano, baada ya kumaliza yale uliyokuwa umekwisha kuyafikiri. Hapo andika "sijui sijui sijui" au rudia neno la mwisho mpaka jingine lije. Usisimame kufikiri. Kitu kipya hutokea upande wa pili wa ukimya huo, na anayesimama hapo hakioni. Tazama inavyokuwa kwa fundi wetu:

"nguo zinachelewa kwa sababu watu wanaleta vitambaa dakika za mwisho si kweli yule mama wa shela alileta mapema na ndiye aliyechelewa kuliko wote kitambaa kilikaa juu ya meza siku tano kwa nini sijui sijui sijui kilikaa kwa sababu hakijakatwa nani anakata mimi mimi peke yangu na asubuhi yote napima watu napima napiga stori nikianza kukata ni jioni umeme unakatika na vijana wamekaa na simu zao wananisubiri mimi"

Kushona hakukuwa tatizo. Alitarajia kuandika juu ya cherehani ya tatu, akajikuta anaandika juu ya saa zake za asubuhi. Angeishia kwenye ile "sijui" ya kwanza, angekwenda kukopa fedha za cherehani ambayo ingesubiri kitambaa kama zile mbili.

Kuhusu muda, tenga dakika 40 ambazo hakuna atakayekugongea mlango. Dakika 10 za kwanza ziandike. Kisha pumzika dakika 3, soma, na upigie mstari sentensi moja tu: ile iliyokushtua, au iliyokupa aibu kidogo. Hizo mbili ndizo hubeba kitu. Sentensi inayovutia kwa uzuri wake iache. Ile sentensi igeuze iwe swali jipya, iweke juu ya ukurasa mwingine, uandike dakika 10 tena. Fundi angeanza na "Kukata kunaweza kufanyika saa ngapi kama si jioni?" Mzunguko wa tatu ufanye kama mkono bado una nguvu. Ukizidi hapo unarudia yaleyale.

Usikae kuandika ukiwa umetoka kula ugali wa kushiba, wala saa ambayo watoto wanarudi shule. Alfajiri inawafaa wengi kwa sababu kichwa hakijaanza kujitetea. Na kama unachohitaji ni fedha, vipimo vya hospitali au ushauri wa mwanasheria, nenda kavitafute, karatasi haitakupa.

Jambo likiwa bichi sana, msiba wa wiki hii au ugomvi uliokuumiza, subiri. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya tafiti kwa kuwaandikisha watu mambo mazito dakika 15 kwa siku kwa siku 4 mfululizo, huwapa watu kanuni moja ya tahadhari: ukihisi kwamba kuandika juu ya jambo fulani kutakuzidi, usiandike juu yake. Amua kabla ni swali gani jepesi utahamia likitokea hilo, liandike nyuma ya daftari.

Andaa karatasi ya pili, tofauti kabisa, kwa ajili ya kesho yake. Usiamue jambo kubwa siku ileile uliyoandika, kwa sababu sentensi iliyotoka kwa kasi huonekana ya kweli kuliko ilivyo. Kesho soma kwa utulivu, hamishia kwenye karatasi ya pili mambo yasiyozidi matatu, kila moja likiwa na siku na mtu wa kulifanya. Kwa mfano: "Kupima wateja ni saa 9 mpaka saa 11 jioni tu, kuanzia Jumatatu. Asubuhi nakata." Halafu: "Kijana mkubwa aanze kujifunza kukata mashati, Jumamosi mbili." Hii ndiyo karatasi ya kubandika ukutani.

Kurasa za kwanza, je? Hili nalo liamuliwe kabla hujagusa kalamu, kwa kuwa mkono unaojua karatasi itasomwa na mwenza, bosi au mdogo wako mnayelala chumba kimoja hautasema ukweli. Utaandika barua ya kumpendeza msomaji. Kwa hiyo jiahidi mapema: zitachanwa vipande vidogo, au zitawashia jiko la mkaa kesho yake jioni, ukishanakili yale matatu. Kuliacha daftari kwenye rundo la magazeti ya zamani ni hatari. Madaftari ya kwetu yana safari ndefu, na kurasa zako zinaweza kukurudia mtaani zikiwa zimefungiwa karanga za mia mbili.