Jinsi ya kumuongoza mtu sala ya toba

Mtu akikufuata akakwambia nataka kuokoka, usikimbilie kumwambia fumba macho rudia maneno nyuma yangu, kaa nae kwanza. Fungueni Warumi 3:23 msome pamoja, "wote wamefanya dhambi", na wewe umo humo, ukimsomea kama hakimu atajifunga. Alafu mwache amtajie Mungu dhambi zake kwa jina, wizi uitwe wizi sio "mapungufu", si lazima wewe usikie kila kitu.

Hapa ndo wengi wanaharibu, wanampa masharti, acha pombe kwanza, lipa madeni kwanza ndo uje. Hapana jamani! Waefeso 2:8-9 iko wazi, ni kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Yule mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama mbali akajipiga kifua akaomba rehema tu, na akarudi nyumbani amehesabiwa haki, yaani Mungu amemkubali. Madeni atalipa baadae kama Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19 aliyeahidi kuwarudishia aliowadhulumu, tena kwa furaha.

Sala iwe fupi, kwa maneno yake, hata kwa kilugha chake. Akiri Yesu ni Bwana, aamini moyoni kwamba Mungu alimfufua (Warumi 10:9). Asipolia usimlazimishe, machozi sio kipimo. Kesho yake mpigie simu, muanze kusoma Injili ya Yohana pamoja.