Kuinuka Kitini Bila Mikono: Namna ya Kulinda Misuli Uzeeni na Baada ya Ugonjwa Mzito

Chukua kiti cha kawaida chenye kikalio kigumu, kiegemeze ukutani ili kisiteleze, keti, kunja mikono kifuani, kisha simama wima na uketi tena mara 5 mfululizo kwa kasi unayoiweza, huku mtu mwingine akisoma saa. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya uliotolewa mwaka 2019 unamhesabu anayehitaji zaidi ya sekunde 15, sembuse yule asiyeweza kuinuka bila kujisukuma kwa mikono, kuwa ana dalili ya udhaifu wa misuli unaostahili kuchunguzwa. Nimeanza na kiti, si na mizani, kwa makusudi: kuinuka kitini ndiko kunakomtenga mtu anayekwenda chooni mwenyewe na yule anayesubiri kuinuliwa, na karibu kila jambo litakaloelezwa hapa linarejea kwenye tendo hilo.

Misuli inavyopotea

Mizani hudanganya kwa sababu mafuta au maji yanaweza kuchukua nafasi ya misuli bila uzito kubadilika, na mgonjwa aliyevimba miguu anaweza hata kuonekana ameongezeka kilo. Kupungua kwa misuli kwa sababu ya umri kulipewa jina la sakopenia mwaka 1989 na Irwin Rosenberg, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyama na upungufu. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kila miaka 10 baada ya kutimiza miaka 30, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Nguvu hushuka haraka kuliko ukubwa wa misuli yenyewe, na nyuzi zinazosinyaa zaidi ni zile za mwendo wa kasi, ambazo kazi yake ni kukuwahisha kuupeleka mguu mbele unapojikwaa.

Hata hivyo, wazee wengi hawateremki polepole kama anayeshuka mteremko. Wanateremka kama anayeshuka ngazi, kila kidato kikiwa ni wiki moja au mbili za kitandani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema walilazwa kitandani kwa siku 10 tu, bila ugonjwa wowote, nao wakapoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Ugonjwa ukiongezwa hapo, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mwili unaopambana na maambukizi au majeraha huivunja misuli ili kupata malighafi ya kutengenezea kinga na kuponya vidonda. Mwaka 2013, watafiti waliowapima wagonjwa mahututi waliona msuli wa mbele wa paja ukipungua kwa takriban asilimia 18 ndani ya siku 10. Ndiyo maana mtu aliyeingia hospitalini akitembea anaweza kutoka akiwa amepona mapafu lakini hawezi kupanda ngazi 3.

Ukiwa bado kitandani

Swali la kumwuliza daktari au muuguzi kila asubuhi ni moja: leo mgonjwa anaruhusiwa kufanya nini peke yake, na nini kwa msaada? Pasipo swali hilo, mapumziko huendelea kwa mazoea, wala si kwa agizo la mtu yeyote. Hatua zenyewe zina mpangilio wa kupanda: kuinua kichwa cha kitanda, kuketi ukingoni huku nyayo zikigusa sakafu, kusimama kwa kushikwa, kuhamia kwenye kiti wakati wa kula, kisha kwenda chooni kwa miguu badala ya kuletewa chombo. Asiyeweza kushuka kitandani bado anaweza kuvuta vidole vya miguu kuelekea usoni na kuvisukuma mbele, kukandamiza nyuma ya goti kwenye godoro kwa sekunde 5 ili paja likaze, na kukunja magoti yaelekee juu huku nyayo zikiwa kwenye godoro, kisha kuinua nyonga kidogo. Seti fupi (marudio machache mfululizo) mara kadhaa kwa siku hufaa kuliko jaribio moja refu linalomwacha hoi.

Hata walio kwenye mashine ya kupumulia wanaweza kuanza mapema. Jaribio la mwaka 2009 lilionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa namna hiyo walioanzishiwa mazoezi mara tu dawa za usingizi ziliposimamishwa kila siku, asilimia 59 walitoka hospitalini wakijitegemea, dhidi ya asilimia 35 ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Lakini jaribio kubwa zaidi la mwaka 2022, lililoongeza wingi wa mazoezi juu ya huduma ya kawaida, halikuongeza siku za kuishi nje ya hospitali, na matukio mabaya, kama vile mapigo ya moyo kwenda mrama na oksijeni kushuka, yalikuwa mengi zaidi. Kwa maoni yangu tafiti hizo mbili hazipingani: kuanza mapema ni jambo jema, lakini kipimo kiamuliwe na watu wenye vifaa vya kusoma moyo na oksijeni, wala si ndugu mwenye haraka.

Ndugu wana kazi nyingine, nayo si ndogo. Waleteni wagonjwa miwani yao, vifaa vya kusikia, meno ya bandia na viatu vyenye soli isiyoteleza, maana mtu asiyeona, asiyesikia na mwenye soksi zinazoteleza hatashuka kitandani kwa hiari. Jizuieni pia kuwalisha na kuwavisha watu ambao mikono yao inafanya kazi. Huruma ya aina hiyo, ambayo kila mmoja wetu amewahi kuitoa, humnyang'anya mgonjwa mazoezi pekee aliyobakiwa nayo siku nzima.

Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida kusikotulia baada ya kupumzika, kuzirai, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au mguu mmoja kuvimba na kuuma ghafla ni sababu za kuacha zoezi mara moja na kumwita mhudumu wa afya. Mguu huo unaweza kuwa na damu iliyoganda. Kizunguzungu cha kusimama ni cha kawaida baada ya kulala muda mrefu, kwa hiyo keti ukingoni kwa dakika 1 au 2 kabla ya kuinuka.

Nyumbani: kiti ndicho chombo cha kazi

Kama huwezi kuinuka bila mikono, usianze na kiti kilicho chini. Pandisha kikalio kwa mto mgumu au blanketi lililokunjwa hadi upate kimo unachokimudu kwa shida kidogo. Rudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, inamisha kiwiliwili mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha simama huku ukitoa pumzi. Usibane pumzi, kwa kuwa hilo hupandisha shinikizo la damu ghafla. Kisha keti polepole ukihesabu hadi 3, bila kujibwaga, maana msuli hujengeka vilevile unapojizuia kushuka, na wengi huitupa nusu hiyo ya zoezi bila kujua.

Fanya seti 2 au 3 za marudio 8, ukipumzika dakika 1 au 2 kati ya seti, katika siku 2 au 3 za wiki zisizofuatana. Kipimo cha uzito wa kazi ni hiki: ukimaliza seti, uwe na hakika kwamba ungeweza kuongeza mara 2 au 3 tu. Ukiona ungeweza kuongeza 10, hufanyi mazoezi ya nguvu, unapitisha muda. Ukifikia marudio 12 kwa wepesi, punguza urefu wa mto, ongeza sekunde za kushuka, au kumbatia begi lenye vitabu, kisha urudi kwenye marudio 8.

Kuhusu ugumu huo ndipo wazee wanapodhulumiwa zaidi, kwa kuwa wengi huambiwa wafanye vitu vyepesi vya kunyoosha mikono hewani. Mwaka 1990, wakazi 10 wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 90 kwa wastani, walifanyishwa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8 chini ya uangalizi. Mmoja hakumaliza, na waliomaliza walionekana nguvu zao zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kundi hilo lilikuwa dogo, lakini tafiti kubwa zilizofuata zilifikia mwelekeo uleule. Umri hupunguza kasi ya mwitikio wa msuli, haufungi mlango.

Kiti kinapozoeleka, ongeza kuinua visigino ukiwa umeshika meza, kupanda na kushuka kidato kimoja, kusukuma ukuta kwa mikono, na kuvuta mpira wa mazoezi uliofungwa mahali imara. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi yanayochanganya nguvu na mizani ya mwili (uwezo wa kusimama bila kuyumba) siku 3 au zaidi kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kama kutembea kwa haraka. Mizani ya mwili hujaribiwa kwa kusimama kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili, halafu kwa mguu mmoja, daima karibu na kitu cha kushika. Kutembea ni kuzuri kwa moyo na pumzi, lakini hakutoshi; mtu anaweza kutembea kila siku na bado ashindwe kuinuka kutoka kiti kifupi.

Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya zoezi jipya si tatizo. Maumivu makali ndani ya kiungo yanadai upunguze. Tahadhari kubwa ni kwa waliopata maradhi ya virusi, ikiwamo UVIKO-19, ambao baada ya jitihada ndogo huangushwa na uchovu mzito siku inayofuata, wakati mwingine pamoja na ukungu wa mawazo. Hao wasisukumwe kwa ratiba iliyotajwa hapo juu. Wafanye kidogo chini ya uwezo wao na kupumzika kabla hawajachoka, kwa mwongozo wa mtaalamu. Vivyo hivyo, aliyepasuliwa kifua au kubadilishiwa nyonga ana miendo aliyokatazwa kwa wiki kadhaa, na masharti hayo yanatangulia mwongozo wowote wa kusoma.

Chakula

Kiwango cha kawaida cha protini kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, lakini wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1.0 hadi 1.2, na gramu 1.2 hadi 1.5 kwa mzee anayeumwa au anayepata nafuu. Kwa mwenye kilo 60, hii ya mwisho ni gramu 72 hadi 90. Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, na gramu 100 za nyama au samaki aliyepikwa karibu gramu 25. Msuli wa mzee huitikia kwa uvivu kiasi kidogo cha protini, kwa hiyo ni heri kila mlo uwe na gramu 25 hadi 30 kuliko kukusanya yote usiku. Kasoro huwa kwenye kifungua kinywa, ambacho kwa wengi ni chai na kitu cha wanga.

Kula peke yake hakujengi nguvu. Mwaka 1994, utafiti wa wakazi 100 wa makao ya wazee uliona nguvu zikiongezeka zaidi ya maradufu kwa waliofanya mazoezi, ilhali kinywaji cha lishe bila mazoezi hakikuondoa udhaifu. Unga wa protini, basi, ni chakula cha msaada kwa asiyeweza kutafuna au kumaliza sahani, wala hauna muujiza. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari wake. Aliyekaa siku nyingi karibu bila kula aanzishiwe chakula taratibu chini ya uangalizi, kwa sababu madini ya fosfeti na potasiamu katika damu yanaweza kushuka ghafla na kuhatarisha moyo. Aliyetolewa mpira wa kupumulia na sasa anakohoa anapokunywa achunguzwe umezaji kabla ya kulazimishwa kula.

Dawa nazo zikaguliwe. Steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe na mzio) zinazotumika muda mrefu hudhoofisha misuli ya mapaja na mabega, na dawa za usingizi au za shinikizo la damu huweza kuleta kizunguzungu kinachomfanya mtu aogope kusimama. Usiziache mwenyewe, uliza kama kipimo kinaweza kupunguzwa.

Kupima maendeleo

Rudia jaribio la kiti kila baada ya wiki 4, uandike sekunde na kimo cha mto. Pima pia mwendo: mita 4 kwa hatua zako za kawaida zisizidi sekunde 5. Baada ya ugonjwa mahututi, tarajia miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka, na hesabu iende kwa mwezi badala ya siku.

Mafua makali, kuanguka au kulazwa upya kutavunja ratiba wakati fulani. Siku homa inapokwisha na pumzi kutulia, rudisha mto kitini, anza na nusu ya marudio uliyokuwa ukifanya, na uongeze kila wiki hadi ufike ulipokuwa. Ukiona baada ya wiki 2 au 3 bado huinuki kama zamani, mwone mtaalamu wa tiba ya viungo wakati huo huo, kabla mikono haijazoea kukusukuma.