Jinsi ya kuagiza sarafu za toleo dogo za US Mint kabla hazijaisha

US Mint, kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani, hufungua mauzo ya sarafu zake maalum saa sita mchana kwa saa za Washington. Nyingine huisha kabla mnunuzi hajamaliza kuandika namba ya kadi. Tarehe 14 Novemba 2019 zilitoka sarafu 30,000 za madini ya fedha ziitwazo American Eagle, zenye herufi S kuonyesha zilitengenezwa San Francisco, kila moja dola 65.95, na hazikufika nusu saa. Novemba 5 mwaka uliofuata zikaja zile za kuadhimisha miaka 75 tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe: 75,000 za fedha na 1,945 tu za dhahabu. Tovuti ikalemewa. Watu waliobaki wakitazama ukurasa usiofunguka walikuja kuzikuta sarafu hizo hizo kwa walanguzi, bei ikiwa juu mno.

Hasira za wakusanyaji zina haki kabisa. Hiki ni chombo cha umma, na mtu anayekusanya sarafu moja moja kwa mapenzi hapaswi kushindana na programu za roboti. Lakini hadi utaratibu urekebishwe, nafasi yako iko kwenye maandalizi. Mwongozo huu ni wa ndugu wanaoishi Marekani, wenye anwani na kadi ya benki ya huko.

Fungua akaunti mapema kwenye tovuti ya US Mint, usisubiri siku ya mauzo. Jaza jina, anwani ya kupokelea mzigo na kadi, kisha hakikisha anwani ya kadi inafanana herufi kwa herufi na ile iliyoko benki. Kama benki imeandika "Apt 4B" na wewe umeandika "#4B", irekebishe. Tofauti ndogo kama hiyo inaweza kukwamisha malipo, na sekunde za kurudia huna. Ipigie benki simu uwaambie kwamba siku fulani kutakuwa na malipo makubwa kidogo, wasije wakayazuia kwa kudhani ni wizi.

Kisha fungua ratiba ya matoleo na usome ukurasa wa sarafu unayoitaka. Tafuta mambo mawili: idadi itakayotengenezwa, na kiwango kwa kaya, yaani idadi ya juu ambayo nyumba moja inaruhusiwa kuagiza. Hapa wengi hukosea. Kiwango hicho hakihesabiwi kwa mtu, kinahesabiwa kwa kaya. Mkikaa ndugu watatu nyumba moja na kila mmoja ana akaunti yake, bado ninyi ni kaya moja, na oda za ziada zinaweza kufutwa. Kubalianeni nani ataagiza.

Angalia pia bei. Sarafu za dhahabu na platinamu hufuata jedwali linaloendana na bei ya madini sokoni, kwa hiyo bei ya wiki iliyopita si lazima iwe ya leo. Za ukumbusho huwa na nyongeza iliyowekwa kisheria, kwa kawaida dola 10 kwa kila sarafu ya fedha ya dola moja, inayokwenda kwa taasisi iliyotajwa na sheria husika. Na kama unachotaka ni American Eagle za kawaida za uwekezaji, zinazonunuliwa kwa thamani ya madini yake, usizitafute hapo: US Mint huziuza kwa wafanyabiashara wakubwa walioidhinishwa, nao ndio wanaoziuza kwa watu.

Kama sarafu unayoitaka iko kwenye mpango wa kujiandikisha, jiandikishe. Binafsi naona hii ndiyo njia ya heshima kuliko zote: unajiandikisha mara moja, toleo likitoka linatumwa kwako na kadi inakatwa, hakuna kukimbizana. Kasoro yake ni kwamba si kila toleo limo, na yale yanayogombaniwa zaidi mara nyingi hayamo.

Siku yenyewe, geuza saa vizuri. Saa sita mchana ya Washington ni saa tano asubuhi Chicago, saa nne Denver na saa tatu Los Angeles. Ukiwa safarini Dar es Salaam au Nairobi, ni saa moja usiku wakati wa saa za kiangazi za Marekani, na saa mbili usiku kuanzia Novemba wanaporudisha saa nyuma. Ingia kwenye akaunti dakika kumi na tano kabla. Ukiwekwa kwenye foleni ya mtandaoni, tulia, usifungue ukurasa upya, maana unaweza kupoteza nafasi yako.

Sarafu ikikubali kuingia kwenye kikapu, bado si yako. Kikapu hakikuhifadhii kitu. Oda inahesabika pale tu malipo yanapokubaliwa na namba ya oda kutoka. Kwa hiyo usiongeze vitu vingine. Lipa kwanza, kingine agiza baadaye.

Ukipata namba, ihifadhi pamoja na barua pepe ya uthibitisho. Mzigo ukifika, piga picha kisanduku kabla ya kukifungua, kagua kifuniko cha plastiki kinachoihifadhi sarafu na cheti, usiiguse sarafu yenyewe kwa vidole. Kama ina mkwaruzo, anza kuirudisha siku hiyo hiyo, na usome muda wa kurudisha ulioandikwa kwenye tovuti.

Ukikosa kwa sababu tovuti imekwama, andika malalamiko. Yanasikika: Mei 2021, baada ya vurugu za mauzo ya dola za Morgan, sarafu za fedha zenye alama za CC na O za viwanda vya zamani vya Carson City na New Orleans, US Mint ilikiri kwamba wateja wamekwazika na ikaahirisha mauzo ya zilizobaki. Kwenye barua yako taja jina la sarafu, saa uliyoingia, hatua uliyokwamia na maneno ya kosa yaliyotokea, uambatishe picha ya skrini inayoonyesha saa. Nakala mpelekee mbunge wa Kongresi wa eneo lako, kwa kuwa dola zile za Morgan zilitokana na sheria ya Kongresi iliyosainiwa Januari 2021, na ofisi yake ina watumishi wa kufuatilia malalamiko ya wananchi dhidi ya vyombo vya serikali.