Chama cha taaluma kichangie wagombea? Jinsi ya kuamua, na mfuko wa kuunda badala yake

Mkutano mkuu wa wafamasia, wahandisi au wauguzi Mwanza ukifika kwenye "mengineyo", hakosekani mtu wa kuuliza: kwa nini tusichange tukamsimamisha mgombea wetu, akatusemee bungeni? Swali si la kupuuza, ila msilijibu kwa makofi siku hiyo hiyo. Lipelekeni kwa kamati ndogo ya watu watano, wapewe siku 60, nao waanze na mambo yaliyo hapa chini.

Wazo lenyewe limetoka Marekani, kwenye kamati zinazoitwa PAC, yaani kamati za kukusanya michango na kuwapa wagombea. (Hapa kwetu ukitaja PAC mbele ya mbunge ataelewa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, kwa hiyo tafuteni jina jingine.) Chama cha madaktari cha huko kiliunda ya kwake mwaka 1961. Wanaoisifia husahau kusema jinsi ilivyofungwa kwa kamba. Kwa uchaguzi wa ngazi ya shirikisho, ada ya uanachama haimfikii mgombea. Chama huunda mfuko wa pembeni, kikausajili ndani ya siku 10, kikateua mhazini, kisha kikawaomba wanachama wake wachangie kwa hiari. Mwanachama hazidishi dola 5,000 kwa mwaka. Mfuko uliotimiza masharti hauzidishi dola 5,000 kwa mgombea mmoja katika uchaguzi mmoja. Fedha taslimu zinazozidi dola 100 hazipokelewi, na aliyetoa zaidi ya dola 200 kwa mwaka jina lake linaandikwa kwenye taarifa ambayo yeyote anaweza kuisoma. Kitu cha kuiga huko ni huo ukuta kati ya ada na mfuko. Mengine yaacheni.

Yaacheni kwa sababu Tanzania haina sheria inayounda chombo cha namna hiyo. Toeni cheti cha usajili kwenye faili mwone mmesajiliwa wapi. Kama ni chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, Msajili wenu yuko Wizara ya Mambo ya Ndani, na kufanya shughuli zisizomo kwenye malengo mliyosajiliwa nayo kunaweza kuwafutia usajili. Kama ni shirika lisilo la kiserikali chini ya Sheria ya mwaka 2002, mlikubali tangu mwanzo kwamba hamfungamani na chama chochote cha siasa. Vyama vya wafanyakazi vina sheria yao ya mwaka 2004. Juu ya hayo kuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, chini ya Msajili wa Vyama vya Siasa: gharama za kampeni hutolewa hesabu, na fedha za kutoka nje ya nchi haziruhusiwi. Chama chenye mfadhili wa Ulaya kikichanganya fedha zake kwenye akaunti moja na michango ya mgombea, kimejitia kitanzi.

Hata bila sheria, hesabu yenyewe haikai. Wanachama wenu wana kadi za vyama tofauti, na wengine hawana kadi kabisa. Wengi ni watumishi wa umma, wa hospitalini, halmashauri au shuleni, na kanuni zao za maadili haziwaruhusu kuendesha siasa saa za kazi wala mahali pa kazi. Halafu mgombea wenu akishindwa, mtakaa miaka mitano mkibisha hodi kwa mtu mliyechangia kumwangusha. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: msichangie mgombea, changieni hoja. Undeni mfuko wa utetezi.

Anzeni na hoja yenyewe, moja tu, iandikwe kwa sentensi mbili. "Tunataka maslahi bora" si hoja. "Ada ya leseni ilipwe kwa awamu mbili badala ya moja" ni hoja. Msipoweza kuiandika hivyo, akaunti ya nini?

Kisha pigeni kura ya siri ya wanachama wote, si wa mkutanoni pekee, kwa swali la ndiyo au hapana: "Je, chama kiwe na mfuko wa hiari wa kutetea hoja za taaluma, usiotoa fedha kwa mgombea wala chama cha siasa?" Dai theluthi mbili ya waliopiga kura. Nusu na mmoja itawapa mfuko, lakini pia itawapa nusu ya chama iliyonuna. Kura ikipita, ongezeni kifungu kwenye katiba ya chama na mpeleke mabadiliko kwa Msajili wenu kabla ya kukusanya hata shilingi moja. Hapa ndipo wengi huteleza: hukusanya kwanza, kisha mkaguzi akiuliza kifungu, hakipo.

Akaunti iwe tofauti, na watia saini watatu, wawili kati yao wakihitajika kila mara. Mwenyekiti wa chama asiwe mmoja wao. Chukulieni chama cha watu 120. Wakijitokeza 45 kuchanga shilingi 5,000 kwa mwezi, mnapata 225,000 kwa mwezi, yaani 2,700,000 kwa mwaka. Pangeni kwa hao 45, msipange kwa 120. Orodha ya waliochanga ikae kwa mhazini. Ikibandikwa kwenye kundi la WhatsApp, hiari imekwisha, imebaki aibu.

Fedha hizo zinakwenda wapi? Sehemu kubwa kwenye maandalizi na nauli, na ndiyo maana ni lazima mjue mlango sahihi. Jambo la mwalo wa Kirumba ni la Manispaa ya Ilemela. La Igoma au Buhongwa ni la Jiji la Mwanza, upande wa Nyamagana. Mkivuka Igoma mkafika Kisesa mko Magu, halmashauri nyingine kabisa. Barua nzuri iliyopelekwa halmashauri isiyohusika hupotea miezi mitatu, kwa kuwa baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka. Sheria ndogo inapopendekezwa, wakazi hutangaziwa na hupewa muda wa kuweka pingamizi kabla haijaenda kwa Waziri kuidhinishwa. Huo ndio muda wenu. Mpangieni mwanachama mmoja kazi ya kupita kwenye mbao za matangazo za halmashauri kila wiki. Kazi haina sifa, lakini ndiyo inayozaa matunda.

Ya kitaifa yana saa yake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Hoja ya kodi au ada inayofika Mei imechelewa. Iwe Wizara ya Fedha kabla mwaka wa kalenda haujaisha. Muswada ukisomwa mara ya kwanza huenda kwenye kamati, nayo hualika wadau, mara nyingi kwa siku chache mno. Mwanza hadi Dodoma si safari ya kwenda na kurudi siku moja kwa basi. Andaeni mapema karatasi ya kurasa mbili: kifungu kama kilivyo, kifungu mnavyotaka kisomeke, sababu, na gharama kwa serikali. Wajumbe wa kamati hawana muda wa kurasa 30, lakini kifungu kilichokwisha kuandikwa wanaweza kukichukua kama kilivyo.

Kinachoharibu kazi yote hii ni bahasha. Diwani akiomba "nauli" au "ya maji" ili aisemee hoja, mkimpa mmetoa rushwa chini ya sheria ya mwaka 2007, na risiti ya mfuko itakuwa ushahidi dhidi yenu. Mkimwalika kwenye semina, mpeni chai ile ile wanayokunywa wanachama, na gharama iandikwe. Mwaka wa uchaguzi ongezeni tahadhari: waalikeni wagombea wote wa jimbo kwa barua moja ya tarehe moja, muda sawa kwa kila mmoja, na viongozi wasivae fulana wala kofia ya chama chochote siku hiyo.

Mhazini asome hesabu kila miezi mitatu. Kifungu cha katiba kiseme tangu mwanzo salio litakwenda wapi mfuko ukifungwa: lirudi kwa waliochanga kwa uwiano, au liingie mfuko wa mafunzo. Msipoliandika mapema, salio la shilingi laki nne linaweza kuvunja chama kilichovuka misukosuko yote ya siasa.