Kufungua injini iliyoshikana ya trekta ndogo ya bustani

Trekta ndogo ya bustani iliyonyeshewa misimu kadhaa nyuma ya nyumba huko Karen mara nyingi huwa na injini iliyoshikana, yaani isiyozunguka kwa sababu ya kutu, na fundi mmoja wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, amenionyesha namna ya kuifungua bila kuibomoa. Ondoa betri, fungua plagi ya cheche, kisha mimina ndani ya silinda vijiko vichache vya asetoni iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki kwa vipimo sawa, ukiutikisa mchanganyiko kwanza kwa kuwa hujitenga haraka. Asetoni huyafanya mafuta kuwa mepesi hata yakapenya kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, mahali hasa kutu ilipozishika, kisha asetoni huvukiza na kuyaacha mafuta yakilainisha. Baada ya siku kadhaa, shika flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, kwa mikono miwili uisukume mbele na nyuma kidogo kidogo. Tafadhali usitumie stata, yaani mota ya kuwashia injini, kwani ringi zilizoshikana huvunjika upesi. Asetoni hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo fanyia kazi hii nje. Injini ikishazunguka, badilisha oili kabla ya kuiwasha, maana mchanganyiko huo huchuruzika hadi kwenye oili iliyo chini. Iwapo kutu imeutoboatoboa ukuta wa silinda, au pistoni iliungua kwa kukosa oili, dawa hii haitafaa na itabidi injini ibomolewe.