Mickey Hasemi: Kumwandaa Mtoto Mwenye Shida ya Usemi Kukutana na Wahusika wa Disney

Kwenye bustani za Disney, Mickey hasemi. Goofy hasemi, Donald hasemi, wala Pluto. Mhusika aliyevaa kichwa kizima cha katuni huongea kwa mikono, kwa mabega na kwa kutikisa kichwa. Kwa mtoto mwenye kigugumizi, mtoto ambaye matamshi yake hayaeleweki kwa wageni, au mtoto asiyesema kabisa, pa kuanzia ni hapo. Anakwenda kwa mtu mashuhuri ambaye naye hana maneno. Na kwa kuwa hana maneno, hajali mtoto anatumia Kiswahili au Kiingereza.

Wazazi wengi hukimbilia kwanza foleni ya mabinti wa kifalme, Cinderella au Tiana, kwa sababu ndiyo mtoto anaowapenda. Wale wana sura wazi na wanaongea, tena kuongea ndiyo kazi yao. Swali lao la kwanza mara nyingi ni "Unaitwa nani?"

Kwa mwenye kigugumizi hakuna swali gumu kuliko hilo. Neno lingine likimkwama anaweza kulikwepa kwa kutafuta jingine lenye maana ileile, lakini jina halina mbadala. Hapo ongeza watu waliopanga foleni nyuma, mpiga picha aliyeinua kamera, na mama au shangazi anayesema, "Msalimie basi, si umekuja kumwona?" Haraka ndiyo inayokaza ulimi.

Na sisi tumelelewa kwamba mtoto asiyesalimia hana adabu. Akinyamaza mbele ya mtu, mkono wa mzazi unakwenda wenyewe kumsukuma mgongoni. Zoea hili liachwe nyumbani. Kupunga mkono ni salamu kamili. Kutabasamu ni salamu kamili. Kugusa picha kwenye ubao wa kusemea ni salamu kamili. Mtoto aambiwe hivyo kabla ya safari, na aambiwe mbele ya wote watakaosafiri naye, babu na bibi wakiwemo, ili siku yenyewe asiwepo wa kumshurutisha.

Wiki tatu kabla

Mtafutie video za watoto wakikutana na mhusika yuleyule, mahali palepale. Kama mnakwenda Magic Kingdom, Florida, Mickey yuko Town Square Theater, karibu na lango. Aone ukubwa wake. Watoto wengi hushtuka kwa sababu kwenye televisheni Mickey ni mdogo, na hapa anamkuta ni mkubwa kama mtu mzima.

Kisha fanyeni mazoezi ya kuigiza. Mjomba avae glavu nyeupe na asiseme neno. Mtoto apite hatua sita: anaingia, anasimama, anapunga au anampa tano, anaonyesha daftari la saini, anasimama kwa picha, anaaga. Weka saa ya simu dakika moja na nusu, kwa maana mkutano wenyewe hauzidi sana hapo. Rudieni kila jioni hadi mtoto achoke kucheka. Hatua hizo zichorwe kwenye kipande kimoja cha karatasi, picha sita kwa mstari, aibebe akiwa foleni.

Baadhi ya mazoezi yaharibike makusudi. Mjomba aondoke ghafla katikati, kwa sababu wahusika huenda mapumziko na foleni hufungwa. Mara nyingine asimwone mtoto, kwa sababu kichwa kile kikubwa kinabana macho na mtoto aliyesimama chini karibu na tumbo anaweza asionekane. Mtoto ajue dawa yake: kurudi hatua mbili nyuma na kuinua mkono.

Ubao wa picha tisa

Hata kama mtoto anatumia tableti yenye programu ya kusemea, tengeneza ubao wa karatasi. Apple wenyewe wanataka iPad itumike mahali pasipozidi nyuzi joto 35, na Orlando, ziliko bustani za Florida, wakati wa kiangazi inafika hapo kirahisi. Tableti ikipata joto kupita kiasi huonyesha onyo na kukataa kufanya kazi, yaani sauti ya mtoto inazimika akiwa mlangoni. Juani kioo chenyewe hakisomeki vizuri. Ibebeni ndani ya mfuko wa chakula wa kuzuia joto, bila barafu (barafu huleta unyevu), pamoja na pawabenki, na msiiache kwenye kigari cha mtoto juani.

Ubao uwe nusu ya karatasi ya A4, ufanyiwe laminesheni, utobolewe na ufungwe kamba ya kupita begani. Kamba ya shingoni tuiepuke kwa mtoto anayepanda mashine za kuzunguka. Weka visanduku tisa, tatu kwa tatu. Wazazi hupenda kujaza arobaini, na mtoto anapotea akitafuta. Tunapendekeza hivi: Hujambo. Jina langu (liandikwe kwa herufi kubwa). Nakupenda. Naomba unikumbatie. Usiniguse. Naomba saini. Picha. Cheza! Kwaheri.

"Usiniguse" ni lazima kiwepo. Mtoto asiyeweza kusema hapana kwa mdomo awe na hapana ya kidole.

Na "Cheza!" ndicho kisanduku chenye raha yote. Mtoto anagusa picha, Goofy anainama kuitazama, anajishika kiuno, halafu anaanza kucheza na viatu vyake vikubwa vinapiga sakafu. Mtoto anagusa tena, Goofy anacheza tena. Mtoto ambaye siku zote ndiye anayeulizwa maswali, leo ndiye anayeamuru, na anatiiwa. Kama nafasi inabana, toa kisanduku kingine chochote, hiki kibaki.

Kitufe cha kurekodia sauti nacho kinafaa, kile cha kubonyeza kikasema sentensi moja. Kirekodiwe na mtoto wa rika lake na jinsia yake, binamu au rafiki, si baba mwenye sauti nzito. Kwa Mickey rekodi Kiswahili mkitaka. Kwa binti wa kifalme rekodi Kiingereza. Jaribuni sauti yake kwanza kwenye kituo cha basi chenye kelele. Vitufe vingi vinasikika vizuri sebuleni na kupotea kabisa penye muziki, na mtoto hudhani amedharauliwa.

Kadi ya mhudumu

Pembeni ya kila mhusika husimama mhudumu anayeongoza foleni. Huyo ndiye wa kuzungumza naye, na azungumzwe naye mapema, mkiwa mmebakiza familia mbili au tatu mbele, ili apate nafasi ya kumnong'oneza mhusika. Mkimweleza mkiwa tayari mmefika, maelezo yanakula muda wa mtoto na yanasemwa juu ya kichwa chake.

Andika kadi ya ukubwa wa postikadi, kwa Kiingereza kama mko Florida au California, kwa Kifaransa kama mko Paris. Iseme kwa nafsi ya kwanza: "Naitwa Neema. Nina miaka 6. Nasikia na kuelewa kila kitu. Maneno yangu huchelewa. Nipe sekunde kumi. Usinimalizie sentensi. Niulize maswali ya ndiyo au hapana." Mistari isizidi saba. Kadi ndefu haisomwi. Na msomeeni mtoto kwanza. Kama hataki sentensi fulani isemwe juu yake, ifutwe.

Sentensi ya "nasikia na kuelewa" isisahaulike. Bila hiyo watu huanza kupaza sauti au kumsemesha kama mtoto mchanga.

Kwa lile swali la jina, kuna njia rahisi zaidi: beji. City Hall, pale mlangoni mwa Magic Kingdom, hutoa bure beji za kusherehekea safari ya kwanza au siku ya kuzaliwa, na jina huandikwa juu yake. Akiwa nayo kifuani, Cinderella anasoma na kumwita kwa jina, na mazungumzo yanaanzia mbali na pale penye mwiba.

Siku yenyewe

Nendeni kwa mhusika mmoja asubuhi, ndani ya saa ya kwanza baada ya lango kufunguliwa, mtoto akiwa ameshakula. Foleni hurefuka kadiri siku inavyokwenda, na mtoto aliyechoka husema kwa taabu zaidi. Wahusika wawili au watatu kwa siku wanatosha. Mpangilio wetu: kwanza asiyesema, halafu asiyesema mwingine, kisha kama mtoto mwenyewe anataka, binti wa kifalme. Saa na mahali pa kila mmoja huonekana kwenye programu ya simu ya My Disney Experience, kama mko Florida.

Daftari la saini lifunguliwe ukurasa mtupu na kubanwa na mpira kabla ya kufika. Kalamu iwe nene, maka peni ya kawaida, kwa sababu glavu kubwa haiwezi kushika kalamu nyembamba. Jambo dogo, ila kalamu ikidondoka mara tatu dakika imekwisha.

Mzazi asimame ubavuni, si nyuma wala mbele. Mtoto akianza kusema, nyamaza na uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Usimwambie "pole pole" wala "vuta pumzi kwanza". Anajua, na maneno hayo yanamwonyesha kwamba kusema kwake kunakusumbua. Mpiga picha wa bustani atapiga na kwa simu yako ukimwomba, hivyo mikono yako iwe huru na macho yako yawe kwa mtoto.

Akikataa dakika ya mwisho, ombeni mhudumu awapishe familia inayofuata na mkae kando mtazame. Akipunga kutoka mita tano, amekutana naye. Magwaride nayo ni mazuri kwa mtoto wa namna hii: wahusika wanapita, wanapunga, hakuna anayeulizwa kitu.

Msitegemee pasi ya ulemavu ya kukwepa foleni. Tangu mwaka 2024, huduma hiyo ya Disney huko Marekani imelengwa kwa wasioweza kusubiri foleni kwa muda mrefu kutokana na hali za ukuaji kama usonji, na shida ya usemi peke yake haitoshi. Njia ya kununua utulivu ni mlo wa pamoja na wahusika, kwa mfano mgahawa wa Chef Mickey's ndani ya hoteli ya Contemporary ya Disney, Florida. Mtoto amekaa, sahani iko mbele yake, wahusika wanakuja mezani, na nyuma yake hakuna foleni. Ni ghali, na meza huwekwa hadi siku 60 kabla. Kama fedha inaruhusu jambo moja tu la ziada, liwe hilo.

Walioko Uingereza wenye watoto wadogo zaidi wana Peppa Pig World, ndani ya Paultons Park huko Hampshire. Walioko Ghuba wana Warner Bros. World Abu Dhabi, ambayo yote iko ndani ya jengo lenye viyoyozi, kwa hiyo suala la tableti kuchemka linaisha. Kadi na ubao ni vilevile, badilisheni picha tu.

Usiku hotelini, msimhoji mtoto alisema nini. Chagueni pamoja picha tatu, mzipange kwa mfuatano, na mmpigie bibi kwa video. Mtoto ashike simu na kuonyesha moja baada ya nyingine kwa mwendo wake. Kisha ongezeni kisanduku kipya kwenye tableti au ubao wake, chenye picha hiyo ya Goofy na maneno "Nilimwambia acheze, akacheza," ili Jumatatu shuleni awe na la kusimulia.